Nataka kuseti nywele za kipilipili bila moto, nitumie nini cha nyumbani?

binti_pongwe
Habarini jamani, naombeni msaada. Jumamosi ya wiki ijayo dada yangu ana sendoff na mimi ni mmoja wa tutakaosimama naye, sasa nataka nywele zangu zenyewe, siyo wigi siyo rasta, ziwe na mawimbi. Nywele ni za asili, kipilipili kabisa, zikivutwa zinafika mabegani zikiachiwa zinarudi masikioni. Moto sitaki hata kuusikia, mwaka jana saluni moja walinipitishia pasi mpaka nikasikia harufu ya kuungua, hapa mbele zikabaki zimenyooka kama uzi, hata nikizilowesha hazijikunji tena, ikabidi nikate kama inchi tatu. Nililia sana siku ile. Juzi nikajaribu tuisti, nikalala nazo, asubuhi nafungua huku katikati ya kichwa bado mbichi, kufika saa tano zote zimefumuka. Rola sina, nyumbani kuna soksi, mirija, kanga kuukuu. Nifanyeje zikae mpaka usiku?

mama_shungi
Pole mdogo wangu, hizo inchi tatu ni kama miezi sita ya kukuza maana nywele zinaongezeka kama nusu inchi tu kwa mwezi, kwa hiyo nakuelewa.

Achana na soksi kwanza, soksi inatoa wimbi kubwa na kwa kipilipili wimbi kubwa halishiki vizuri. Chukua hiyo kanga kuukuu uichane vipande, upana wa vidole viwili, urefu shubiri moja hivi. Pamba inafyonza maji kwa hiyo nywele inakauka kwa ndani na nje. Kama kanga unaionea huruma tumia mfuko wa kaki, tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku 2019 kaki zimejaa kila duka, unachana unasokota kama utambi, nayo inafyonza maji vizuri tu. Ukitaka zile ndogondogo kama springi ndiyo utumie mirija, ila ujipange, mimi kichwa changu kinakula mirija kama sabini na nakaa chini saa tatu nzima.

Lakini kabla ya hapo zivute kwa uzi! Osha, chambua na kitana cha meno mapana, paka mafuta kidogo, halafu suka uzi mweusi ule wa bibi zetu toka kwenye shina mpaka nchani, acha zikauke. Ukifumua zimenyooka bila moto wowote, ndiyo unalowesha kidogo tu unaanza kukunja. Ukiruka hii hatua wimbi litatoka ila nywele zote zitakuwa juu masikioni, zile za mabegani hutaziona.

Kushikilia nachemsha mbegu za kitani, robo kikombe kwa vikombe viwili vya maji, nakoroga mpaka ute uwe kama wa yai, nachuja kwenye soksi ya stoking ikiwa bado moto maana ikipoa haipiti. Natia na gliserini kijiko.

fundi_kichwa
Dada hapo juu yote sawa ila gliserini hapana, siyo kwa Tanga. Gliserini inavuta unyevu wa hewani, na hewa ya pwani yenyewe imelowa, nywele zitavimba kabla hamjafika ukumbini. Weka ute peke yake, na mafuta ya nazi matone mawili mkononi wakati wa kufungua.

Binti, jibu lako umeshalisema mwenyewe, "katikati bado mbichi". Kwenye saluni hili nalirudia kila siku. Nywele ikilowa vile viunganisho vyake vya haidrojeni vinaachia, ikikauka vinajishika upya kwa umbo vilivyokuta, iwe kanga iwe mrija iwe kidole chako. Kwa hiyo wimbi linatengenezwa wakati wa kukauka, siyo wakati wa kukunja. Ukifungua mbichi hakuna kilichoshika, ndiyo maana saa tano zilikwisha. Tena maji yakirudi, jasho au mvua, viunganisho vinaachia tena, ndiyo hasara yake, lakini ndiyo uzuri wake pia maana hakuna kilichoharibika. Pasi iliyozidi inaunguza protini yenyewe ya nywele, hiyo hairudi, inasubiri mkasi.

Kwa hiyo loweshea kwa chupa ya kupulizia, usizichovye. Gawanya vidogo, unene wa penseli. Anza Ijumaa asubuhi, siyo usiku, kaa mbele ya feni, usiku funga kitambaa cha satini. Jumamosi fungua kimoja cha utosini kwanza, ukihisi ubaridi kwenye vidole rudisha usubiri.

njeri_wa_ngara
Na wenye dawa? Zangu ziko na relaxa na huku Nairobi hii baridi ya Julai feni siwezi washa.

fundi_kichwa
@njeri_wa_ngara zenye dawa hazihitaji uzi, zishanyooka, kaki inakutosha, vitatu vya mbele vikunje kuelekea nyuma. Na usivute kwa nguvu, dawa imeshavunja viunganisho vya ndani, ukivuta zinakatika. Baridi hiyo zipe siku nzima.

binti_pongwe
Nimerudi jamani, sendoff ilikuwa jana. Nilisuka uzi Alhamisi, Ijumaa saa mbili asubuhi nikakunja kwa vipande vya kanga 34, nikashinda na feni. Jumamosi saa nne nafungua cha utosini kikawa na ubaridi, nikakirudisha kwa shingo upande maana watu walishaanza kuvaa, nikafungua saa saba. Mama akaniuliza nimeenda saluni gani. Mpaka saa nne usiku zilikuwepo, za shingoni tu ndiyo zililegea kwa jasho. Zile za mbele zilizoungua mwaka jana, kale kakipande kalichobaki hakakujikunja kabisa, nimekabana na kibanio. Dada fundi, hako nikakate sasa au nisubiri?

fundi_kichwa
Kakate. Lowesha nywele kwanza ndipo utaona palipoungua panaanzia wapi, kata hapo tu.