MREJESHO: Maji ya mlonge kwenye kivumbasi

Wakuu, mimi ndo yule niliyeuliza kivumbasi changu kimedumaa nifanyeje, mkaniambia nijaribu maji ya mlonge. Aisee nimejaribu. Nilitwanga majani machanga ya mlonge nikakamua kwa kitambaa, juisi kikombe 1 kwa maji vikombe 30, napuliza jioni kila baada ya wiki 2. Mara ya kwanza nilichemka, niliiacha ikalala siku mbili ikanuka kama samaki kaoza nikamwaga yote, kumbe inatakiwa itumike ikiwa freshi. Saivi machipukizi yanatoka mpaka pembeni, ukigusa jani tu mkono unanukia hadi usiku. Mstari mmoja niliuacha bila kupuliza, bado umesinyaa vilevile. Ila vidukari wapo palepale, hii sio dawa ya wadudu jamani.