Wasimulizi na walimu wa ngoma wa vijijini Ireland: waliishije?

Mwalimu, Masindi
Ndugu zangu, ninafundisha runyege, ngoma ya njuga ya Wanyoro, shuleni, na mzee aliyetufunga njuga miguuni tukiwa watoto sasa hawezi kusimama. Nimesikia kwamba zamani Ireland ilikuwa na wasimulizi walioitwa seanchaí, pamoja na walimu wa ngoma waliokwenda kijiji hadi kijiji. Je, walilipwa, na ujuzi wao ulihifadhiwaje?

Mama wa Jinja
Mwalimu, kwa kawaida msimulizi alikuwa mkulima au mvuvi wa hapo hapo, akisimulia kando ya moto usiku wa majira ya baridi. Mwalimu wa ngoma ndiye aliyesafiri: alikaa wiki sita hivi kwa mkulima mmoja, mara nyingi akifuatana na mpiga fidla, kisha akahama. Arthur Young, Mwingereza aliyeizuru Ireland kati ya 1776 na 1779, aliandika kwamba walilipwa peni sita kwa robo mwaka. Inasimuliwa kwamba mwanafunzi aliyechanganya miguu alifungwa majani makavu mguu mmoja na ufito laini mguu wa pili, naye mwalimu akaitaja miguu kwa vitu hivyo. Kwa kuwa sakafu ilikuwa ya udongo, kama ya bibi zetu, mlango uling'olewa ukalazwa chini ili kishindo cha hatua kisikike.

Mzee wa Gulu
Ngano, yaani hadithi za jadi, ziliokolewa kwa kuandikwa. Tume ya ngano iliundwa mwaka 1935 chini ya Séamus Ó Duilearga, na kati ya 1937 na 1939 wanafunzi wapatao 50,000 waliwahoji wazee wa kwao na kuandika walichosikia, jambo ambalo sisi Waacholi tungelifanya kwa masimulizi ya wang oo, moto wetu wa jioni, kabla hayajazimika. Mzee Seán Ó Conaill wa Kerry, alipokosa wasikilizaji, aliusimulia ukuta wa mawe huku akichunga ng'ombe, asije akasahau; nikimkumbuka huyo huzuni hunishika. Hatua za ngoma, hata hivyo, hazikai daftarini, na mwaka ule ule wa 1935 sheria ya kudai leseni kwa dansi za hadhara ilizibana ngoma za majumbani.

Mwalimu, Masindi
Asante Mama, asante Mzee. Mzee wetu bado hupiga mdundo kwa viganja juu ya mkono wa kiti. Jumamosi nitampelekea wanafunzi watatu wakiwa na njuga, awasahihishe akiwa ameketi.