Waya wa balansi au RCA kwa muziki wa sebuleni? Naomba ushauri

Wakuu, habari za jioni. Niko Tanga, Chumbageni. Nimejikusanyia mdogo mdogo DAC (kifaa cha kugeuza muziki wa dijitali kuwa mawimbi ya umeme), amplifaya na spika mbili. DAC na amplifaya zote zina matundu ya RCA, yale ya kawaida ya duara, na yale ya XLR, ya pini tatu kama za maiki. Natumia RCA ya mita moja. Muziki ukinyamaza, spika zinanguruma chini chini, haziachi. Mimi ni mtu wa taarab za zamani, za akina Black Star na Lucky Star. Gita likipumzika tu, ule mngurumo unajaa. Muuza duka anasema ninunue waya wa balansi, yaani wa XLR, yataisha. Ni kweli?

Mpwani: Chukua XLR mkuu. Mimi nilipobadili, sauti ilipanda na kuchangamka palepale.

FundiSpika: Mpwani, hapo kwenye kupanda ndipo penye siri. Vifaa vingi vya nyumbani hutoa volti 2 kwenye RCA na volti 4 kwenye XLR. Hiyo ni nyongeza ya desibeli 6 (kipimo cha ukubwa wa sauti), na sikio likisikia kikubwa huona ndiyo kizuri. Shusha volyumu zilingane, ndipo ulinganishe.

Mleta uzi, balansi kazi yake ni hii: pini ya 2 inabeba mawimbi yalivyo, pini ya 3 inabeba yaleyale yamegeuzwa, pini ya 1 ni ngao, ule wavu wa chuma unaozifunika nyaya. Kelele ya njiani inaziingia nyaya zote mbili sawasawa. Amplifaya ikitoa moja kwenye nyingine, kelele inafutika, muziki unabaki. Ndiyo maana maiki ya ukumbini inavuta waya mita 30 bila shida. RCA ina waya mmoja wa muziki, na ngao ndiyo njia ya kurudia. Kwa mita moja inatosha kabisa. Tena amplifaya nyingine zina matundu ya XLR lakini ndani hutumia pini ya 2 peke yake bila kutoa ya 3, kwa hiyo faida yenyewe huipati.

Umeme wetu ni hetzi 50, na mngurumo wa aina hiyo mara nyingi ni mzunguko wa ethi (waya wa ardhini), yaani vifaa vinakutana ardhini kwa njia mbili. Umechomeka king'amuzi kwenye amplifaya?

Mleta uzi: Ndiyo, na dishi liko juu ya bati.

FundiSpika: Chomoa waya wa dishi nyuma ya king'amuzi, vingine viache. Sikiliza.

Mleta uzi: Kimya kabisa! Nikirudisha, unarudi.

BintiRaskazone: Na pini usizisahau, huku kwetu hewa ya chumvi inazila. Zima vyote, zifute kwa spiriti, zikauke.

Mpwani: Si akate tu ethi kwenye plagi?

FundiSpika: Hapana! Kasha la amplifaya likishika umeme, ethi ndiyo inayomwokoa yeye na watoto. Na XLR kati ya DAC na amplifaya isingesaidia, maana njia ya king'amuzi ingebaki palepale. Kama king'amuzi kina tundu la optiko, na DAC yako inalo, unganisha hivyo viwili kwa waya wa mwanga badala ya ule wa sasa wa kwenda kwenye amplifaya. Haupitishi umeme, mzunguko unakatika. Kama hakina, weka transfoma ya kutenganisha sauti kati ya king'amuzi na amplifaya.

Mleta uzi: Tundu la optiko lipo. Kesho nashuka Ngamiani kutafuta waya.

FundiSpika: Usiukunje sana ukiupitisha nyuma ya kabati.