Karate yasaidia kweli ukitokewa na panga?

kijana_mtopanga: Assalam aleikum wadau. Juzi mdogo wangu katokewa na vijana watatu akitoka kazini, wana mapanga, wakachukua simu na bado wakamchanja mkono. Tangu siku hiyo silali vizuri wallahi. Mimi nina mwaka na nusu kwa karate na tushafunzwa kumpokonya mtu kisu, wazuia, wapinda kiwiko, kisu chaanguka, na dojoni naiweza kila mara. Nje yafanya kazi ama najidanganya?

baba_swaleh: Waaleikum salaam, pole sana, Mungu amponye. Mimi ni mtu wa judo, na kwetu kuna kata (mazoezi yaliyopangwa hatua kwa hatua) ya kujilinda, yaitwa Goshin Jutsu, Kodokan, makao makuu ya judo Japani, waliitoa 1956, mbinu 21, tisa za silaha: kisu, fimbo na bastola, tatu tatu. Nzuri, lakini mwenzako akuchoma mara moja halafu akungoja umalize. Mtaani nani atakungoja? Hebu vaa fulana nyeupe kuukuu, mpe mwenzako felt pen nyekundu badala ya kisu cha mbao, mwambie asikuhurumie, achome arudishe achome arudishe kama sindano ya cherehani, sekunde kumi tu. Mimi nilihesabu alama 14, mbili shingoni, na mkono wake nilikuwa nimeushika! Simu mpe, bastola ndio kabisa usijaribu. Na kama utakimbia, kimbia mapema, polisi wa Marekani Dennis Tueller aliandika 1983 kwamba mtu mwenye kisu amaliza mita sita na kitu kwa sekunde moja na nusu.

binti_kongowea: Sawa baba lakini wengine watoa simu na bado wachanjwa, kama huyu. Hapo je?

baba_swaleh: Kweli binti yangu, hapo huna budi. Weka kitu kati yenu, begi, kiti cha plastiki, chochote. Panga lakata vibaya zaidi ukiwa pale mwisho wa mzungusho wake, kwa hivyo ama uwe mbali kabisa ama umwingie kifuani, mikono yako miwili kwa mkono wake mmoja wenye silaha, usiuachie, mpige kwa kichwa, kwa magoti, mpaka upate upenyo utoke mbio. Kupokonya sio shabaha. Wakiwa watatu hata hiyo siwezi kukuahidi.

nesi_wa_usiku: Majeraha ya panga nayoyaona mengi ni ya mkononi, mtu alijikinga. Ikibidi uinue mkono, upande wa ndani ugeuze kwako, huko ndiko kwenye mishipa mikubwa. Halafu damu: chukua leso, kandamiza kidondani kwa nguvu, usichunguliechungulie. Ikiruka, funga kitambaa kipana, sio kwenye jeraha lenyewe bali juu yake upande wa begani, kama vidole vinne hivi kutoka jeraha, na sio kwenye kiwiko, pitisha kijiti uzungushe mpaka ikome, kumbuka saa uliyofunga, mkimbize hospitali. Na kahawa jamani msiweke kidondani.

kijana_mtopanga: Shukran sana. Kahawa ndio jirani alimwekea. Leo usiku huu nawaonyesha nyumbani wote kufunga na kijiti, na Jumamosi naenda na fulana nyeupe.