Kuzungusha onyesho la dansi ya mtaani: Dar es Salaam, Nairobi, Kampala na Kigali

Kiongozi wa Kikundi, Temeke

Ndugu zangu, ninaongoza kikundi cha wachezaji saba, na tuna onyesho la dakika 40 ambalo tumezoea kulicheza viwanjani na kandokando ya vituo vya daladala, tukichanganya miguu ya singeli na brekidansi, na katikati kuna vipande vya maneno ya kuchekesha. Tunakusudia kulipeleka Nairobi, Kampala na Kigali kwa basi, na tungependa lichezwe nje, si ukumbini. Nauli na malazi tumeshayapangia. Ninachoomba kufahamu ni kama onyesho linaweza kubebwa lilivyo kutoka mji hadi mji, au kila mji utatulazimu kulifumua na kulisuka upya. Na pia, je, katika miji hiyo mtu anaweza kuweka spika chini na kuanza kucheza tu?

Mratibu wa Maonyesho, Nairobi

Ndugu Kiongozi, kabla hujafika kwetu, anzia nyumbani: kikundi kinatakiwa kiwe kimesajiliwa BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa, na kiwe na kibali cha kufanya maonyesho nje ya Tanzania. Hapa Nairobi maeneo ya umma yako chini ya serikali ya kaunti, kwa hiyo barua iende huko mapema, na nakala mpelekee mkuu wa kituo cha polisi kilicho karibu na mtakapochezea. Hata pale ambapo hakuna anayeidai, nakala hiyo itawasaidia siku askari atakapouliza nani amewaruhusu kukusanya watu.

Kuhusu onyesho lenyewe, dakika 40 katikati ya mji ni nyingi mno. Mtu anayekimbilia matatu jioni atasimama dakika kumi, labda kumi na tano, kisha ataondoka hata kama amefurahi. Katikati ya mji chezeni kipande kifupi mara tatu, na onyesho zima mlipeleke Dandora au Kayole siku ya Jumapili, ambako watu wako kwao na hawana haraka. Msisahau pia kwamba mnatoka usawa wa bahari na kuja mji ulio juu kwa mita zipatazo 1,700. Mchezaji anayecheza singeli kwa kasi ya Dar atatweta kabla ya nusu, kwa hiyo fikeni siku chache kabla na mfanye mazoezi hapa hapa.

Mchezaji Mkongwe

Ninamheshimu Mratibu, lakini sikubaliani na habari ya kukatakata. Kikundi cha Via Katlehong cha Afrika Kusini, kilichoanzishwa mwaka 1992 katika kitongoji cha Katlehong, mashariki mwa Johannesburg, kimezunguka dunia na pantsula, dansi ya vitongoji vya huko, pamoja na dansi ya mabuti iliyozaliwa migodini, na watazamaji wa mbali wanaipenda kwa sababu ni ya pale pale ilikotoka. Mkianza kupunguza hapa na kulainisha pale, mtafika Kigali mkiwa na onyesho lisilo la mji wowote.

Mratibu wa Maonyesho, Nairobi

Mzee wangu, hao wana jukwaa na watazamaji waliokwisha kukata tiketi; wameketi, hawaendi popote. Barabarani hakuna kiti.

Dada wa Kampala

Kaka Kiongozi, mimi ni Mtanzania ninayeishi na kucheza huku, na kwa maoni yangu miguu mnaweza kuibeba ilivyo, ila maneno hapana. Kiswahili kwa muda mrefu kimesikika Uganda kama lugha ya askari, na ingawa serikali ilikipitisha kuwa lugha rasmi mwaka 2022, mzaha unaowavunja watu mbavu Temeke unaweza kupokewa hapa kwa kimya cha adabu. Mtafuteni mchezaji wa Kampala aseme vipande hivyo kwa Kiluganda, na mumpe uhuru wa kuvibadilisha, kwa sababu mzaha uliotafsiriwa tu hauchekeshi.

Huyo mchezaji hamtampata kwa tangazo. Breakdance Project Uganda, iliyoanzishwa na Abraham Tekya, maarufu kama Abramz, mwaka 2006, imefundisha vijana wengi brekidansi bila malipo, na kizazi hicho ndicho kitakachosimama mbele kabisa ya duara lenu kikiwapima. Nendeni mazoezini kwao kwanza, mcheze nao kama wageni, mkubali kushindwa mkishindwa. Wakiwakubali, watawaonyesha wenyewe uwanja upi una watu na upi una matatizo, jambo ambalo hakuna ofisi itakayowaambia. Mimi ningetenga siku nyingi zaidi kwa kazi hiyo kuliko kwa maonyesho yenyewe.

Mkazi wa Kigali

Kwetu jambo la kwanza ni kalenda. Jumamosi ya mwisho ya mwezi asubuhi ni umuganda, watu wote wako kwenye kazi za pamoja, kwa hiyo msipange kitu. Kinyume chake, Jumapili mbili za kila mwezi baadhi ya barabara hufungiwa magari asubuhi ili watu wafanye mazoezi, na mngepata watazamaji ambao tayari wamevaa raba. Ombeni idhini ya Jiji mapema. Kuweka spika bila ruhusa hapa hakukubaliki, hilo halina mjadala. Katika mpaka wa Gatuna msiwe mmefunga vifaa kwa mifuko ya plastiki, itachukuliwa. Tumieni turubai.

Kiongozi wa Kikundi, Temeke

Nawashukuru sana. Miguu itabaki, maneno tutayaacha wazi yajazwe na mwenyeji katika kila mji, na Nairobi tutakuwa na kipande kifupi cha mjini na onyesho zima la mtaani. Limebaki moja: kutoka Kigali, ni lazima turudi kwa njia ile ile?

Mkazi wa Kigali

Hapana. Piteni Rusumo, mtaingia Tanzania moja kwa moja, kisha Kahama na Singida hadi Dodoma. Safari ni ndefu, lakini mtakuwa mmevuka mpaka mmoja tu.