Nyumba ya Soni imekwisha, mke wangu hataki kuhama Kimara. Naomba ushauri

Mwalimu wa Kimara:
Wakubwa shikamooni, na wa rika langu salaam.

Nimestaafu ualimu mwaka jana nilipotimiza miaka 60. Mkupuo wangu wa pensheni, ile asilimia 40 inayolipwa mara moja, umekwenda wote kwenye nyumba niliyokuwa naijenga kidogo kidogo tangu 2009 huko kwetu, milimani juu ya Soni, wilaya ya Lushoto. Matofali ya kuchoma, bati la msauzi, vyumba vitatu, maji ya mserereko kutoka chemchemi. Nilipoweka mlango wa mwisho mwezi wa tano nilikaa kizingitini nikashindwa kuondoka.

Hapa Kimara, Dar, tumepanga. Kodi ya miezi sita inakwisha mwisho wa Septemba. Pensheni ya mwezi haiwezi kubeba kodi, umeme, maji ya madumu na nauli. Nimefundisha hesabu miaka 36, hii nimeirudia usiku mwingi na jibu ni lile lile.

Mke wangu ana miaka 57, ni Mzaramo wa Kisarawe. Hajagomba wala hajalia. Nikimtajia kuhama anajibu "tutaona", anaendelea kukaanga vitumbua vyake. Anaviuza asubuhi hapo nje, ni mweka hazina wa kikoba chao, na mchana tunakaa na mjukuu wa miaka minne wakati mama yake yuko kazini. Pia ana presha ya macho, kliniki kila miezi mitatu.

Kuna jamaa ana Fuso, yuko tayari kutubeba kwa bei nzuri. Nimewaza nimlipe tu, mama akiona vitu vimepakiwa atakubali. Nakosea? Naombeni ushauri wa walioyapitia.

Bibi Wajukuu Sita:
Mdogo wangu, marahaba. Nina miaka 68, niko Tanga mjini, nakuomba kwa heshima zote hilo Fuso ulisimamishe leo hii. Mtu hupakiwa? Umekaa naye miaka mingapi hata umhamishe kama kabati?

Mwanamke akisema "tutaona" mara tatu, moyoni ana neno. Na kabla hujamuuliza, nikuulize wewe: hicho kiwanja ni cha nani?

Mwalimu wa Kimara:
Cha marehemu baba. Tuko ndugu wanne, kila mmoja anajua sehemu yake, mipaka ni mimea ya masale. Hatujawahi kugombana. Dada, ahsante kwa ukali wako, nimelisimamisha.

Mzee wa Mlalo:
Mwalimu, karibu nyumbani, ila acha nikwambie ambayo mlango mpya haukwambii.

Mimi nilirudi huku 2017 kutoka Tabata. La kwanza ni baridi. Juni hadi Agosti ukungu unashuka asubuhi na huenda usiondoke mpaka saa sita mchana. Nguo hazikauki. Godoro tulilotoka nalo Dar lilianza kunuka uvundo mwaka huo huo. Mtu wa pwani anaumia zaidi, na kama jiko mmejenga la nje, mama ataamka saa kumi na mbili kukoka moto kwenye baridi ile. Wewe umezaliwa nayo, yeye hapana. Kama nyumba haina dohani ya kutolea moshi, tafuta fundi aiweke kabla hamjahamia.

La pili ni mguu. Fuso linaishia barabarani. Kutoka hapo kwetu ni kupanda ngazi za udongo, mvua ikinyesha zinateleza kama sabuni. Kabati letu la nguo lilipanda mlima juu ya vichwa vya vijana, likafika limepasuka mlango. Uza vitu vizito huko huko, huku maseremala wapo wazuri na mbao zipo. Beba vyombo, matandiko, cherehani kama mnayo, na jokofu dogo, basi. Gesi beba mtungi mdogo, mkubwa utaulaani.

La tatu, usihamie wakati wa masika. Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kilomita 33, barabara ya lami lakini nyembamba, kona juu ya kona, na mvua zikikolea mlima huporomoka ukafunga njia. Septemba ni mwezi mzuri, kukavu.

Lakini nikuambie pia: nimekula peasi za mti wangu mwenyewe. Presha yangu imetulia. Sijutii.

Mstaafu Kibaha:
Mimi nina wazo tofauti. Mama kwao Kisarawe, wewe unang'ang'ania Soni. Kwa nini msipange huko Kisarawe? Kodi ni nafuu kuliko Kimara, mjukuu karibu, kliniki karibu. Nyumba ya Soni pangisha, au muwe mnakwenda msimu wa kiangazi. Kurudi kwenu si sheria.

Mwalimu wa Kimara:
Mkuu, nyumba ile juu ya mlima nani atapanga? Na fedha yangu yote iko mle.

Nesi wa Zamani:
Shikamooni. Naongelea macho tu.

Presha ya macho mara nyingi haina maumivu, ndiyo maana watu huipuuza. Jicho likishaharibika kwa presha halirudi. Matone yake yasikosekane hata siku moja, kwa hiyo kabla ya kuhama ulizia kwenye maduka ya dawa ya Soni na Lushoto mjini kama matone anayotumia, kwa jina lake hasa, yanapatikana. Kama hayapo, panga yatafikaje. Kliniki anayohudhuria sasa waombe muhtasari wa matibabu na vipimo vyote vya presha ya jicho, msiondoke na kadi tupu. Huko juu mtakuwa mnashuka Mombo, mnapanda basi la kwenda Moshi kupitia Same. Hospitali ya KCMC ya hapo Moshi ina idara kubwa ya macho. Ni safari ya siku, ifanyeni kwa utulivu, mlale huko.

Na bima: kama ulikuwa mchangiaji wa NHIF kazini, mstaafu na mwenzi wake wanaendelea kutibiwa. Hakikisheni kadi zote mbili ziko hai kabla hamjaondoka Dar, majina yasitofautiane hata herufi.

Mama wa Makambako:
Nimesoma swali la Bibi Wajukuu Sita na jibu la Mwalimu, nimeshindwa kupita kimya.

Mume wangu alijenga kwao, kwenye shamba la ukoo, kama wewe. Ndugu watano, hawajawahi kugombana, kama nyie. Tulihamia, tukalima viazi, tukaishi vizuri miaka sita. Alipofariki, matanga hayajamaliza mwezi, shemeji yangu mkubwa akaniita akaniambia kwa upole kabisa kwamba nyumba ni ya ukoo, nikae mpaka nivune. Alikuwa na upole ule ule alioletea mahari kwetu. Sikuwa na karatasi hata moja. Sasa nimepanga chumba na sebule hapa Makambako, nauza mkaa.

Mwalimu, mkeo si wa kabila lako. Akibaki peke yake juu ya mlima ule, nani wake? Huenda ndilo neno la "tutaona".

Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, inatoa hatimiliki ya kimila. Nendeni serikali ya kijiji wewe na ndugu zako, wakubali mbele ya mashahidi kwamba kipande hicho ni chako, majirani wa mipaka yote waje, kipimwe, na hati iandikwe majina mawili, lako na la mkeo. Uliza kwanza kama kijiji chenyewe kimeshapata cheti chake cha ardhi, maana kisipokuwa nacho hati za watu hazitoki. Fanya hivyo ungali mzima, unaongea.

Bibi Wajukuu Sita:
Mama wa Makambako, pole mwanangu. Pole sana. Ndilo nililokuwa nalizunguka.

Mwalimu wa Kimara:
Wakuu, mrejesho.

Jana jioni nilimsomea mke wangu uzi huu wote, polepole, kwa sababu ya macho yake. Nilipofika kwa Mama wa Makambako alizima jiko akaja kukaa karibu. Nilipomaliza akasema, "Huyo dada amenisemea." Kumbe mwaka juzi, tulipokwenda kwenye msiba wa shangazi yangu, mke wa mdogo wangu alimwambia kwa mzaha kwamba hapa wewe ni mgeni wa mumeo. Hakuniambia. Mimi nilidhani ni vitumbua na kikoba.

Baridi anasema ataizoea. Mjukuu ndiye anayemuuma, hilo sijapata jibu lake, binti yetu naye bado hajapata wa kumwachia.

Nimempigia kaka mkubwa. Nilipotaja jina la mke wangu kwenye hati alinyamaza kidogo, kisha akasema njooni tuongee, mje wote wawili. Mwenye nyumba wa hapa nimemwomba miezi mitatu zaidi, amekubali nilipe mwezi mwezi. Itanibana, lakini sihamishi hata sufuria kabla ya karatasi. Alhamisi tunapanda basi.

Mzee wa Mlalo, dohani hatuna. Kama unamjua fundi, nitumie namba yake faragha.

Mzee wa Mlalo:
Nimekutumia. Mama achukue sweta mbili na soksi nzito, na viatu vyenye meno chini. Mle Mombo kabla ya kupanda, lakini kidogo tu, zile kona.

Mama wa Makambako:
Mwende na picha ndogo zenu wote wawili na nakala za vitambulisho. Za kwake zisisahaulike.