Taarifa za bamvua haziwafikii wanakikundi wote, nizitoe vipi?

Katibu_Mwani (Micheweni)
Assalaam aleikum wenzangu. Ni katibu wa kikundi cha mwani, tuko 32, karibu wote kina mama. Taarifa za kuvuna wakati wa bamvua (siku maji yanapojaa na kupwa sana) na za siku ya mnunuzi natuma kwenye kundi la WhatsApp, lakini wengine wana kitochi tu, na wengine wanaifungua simu usiku. Siku ya kazi kuna wanaofika maji yameanza kujaa. Kwenye kikao nikiuliza "mmefahamu?" wote wanajibu "tumefahamu", kisha kazi inafanywa vyengine. Nifanye nini taarifa ifike sawasawa kwa wote? Na mtu akianika vibaya, nimwambie vipi asije akakihama kikundi?

Pwani_Bwejuu
Waalaykumu salaam, Bi Katibu. Kabla ya kuishika simu, tazama mwezi. Bamvua ni mara mbili kwa mwezi, mwezi unapoandama na unapopevuka, na katikati yake kuna maji mafu (yasiyopwa sana) ambapo shambani hapana kazi kubwa. Kikao kiweke kwenye maji mafu, siku tatu kabla ya bamvua, baada ya sala ya alasiri. Watu wako nyumbani, wana nafasi ya kuuliza, na aliyepungukiwa na kamba za shambani au tai-tai (vijikamba vya kufungia mwani kwenye kamba hizo) ana muda wa kutafuta. Tangazo la usiku wa kuamkia kazi limeshachelewa, hata liandikwe vizuri namna gani. Ramadhani kisogeze baada ya adhuhuri, maana alasiri kila mtu yuko jikoni na futari.

Taarifa yenyewe iandike ienee kwenye meseji moja ya kawaida, herufi 160, ili na kitochi ipokee:

"Jumanne tar. 14, saa 2 na nusu asubuhi, tukutane pwani. Kuvuna kamba za upande wa kaskazini tu. Kila mtu aje na magunia 2. Jibu: NAKUJA au SIJI."

Sasa saa, na hapa ndipo wengi wanapoharibu. Jedwali la maji kwenye simu huandika 10:15. Ukilinakili lilivyo, kuna atakayesoma saa 10 jioni. Andika "saa 4 na robo asubuhi". Tena usitangaze saa ya kupwa, tangaza saa ya kukutana. Shambani watu huingia maji yakiwa bado yanatoka, kiasi cha masaa mawili kabla ya kupwa kabisa. Ukiwatajia saa ya kupwa wataifanya ndiyo saa ya kutoka nyumbani. Na kwa kuwa maji huchelewa kwa wastani wa dakika 50 kila siku, kazi ya siku tatu inataka saa tatu tofauti. Usiandike "na siku zinazofuata vivyo hivyo".

Msimamizi_Wete
Niongeze kuhusu hilo "mmefahamu?". Swali hilo halina jibu jengine ila ndiyo, hasa mbele ya watu wazima. Badala yake uliza: "Bi fulani, hebu tuambie, Jumanne tunaanzia upande gani, na saa ngapi?" Tanguliza maneno haya: "Nataka kujua kama nimeeleza vizuri." Hapo anayepimwa ni wewe, si yeye. Kila kikao muulize mwengine, wala usianze na aliye mkubwa kuliko wote. Yeye akishasema, hakuna wa kumsahihisha.

Watu 32 usiwafikie peke yako. Wagawe mafungu manne ya watu wanane kwa ujirani, kila fungu na mjumbe wake. Unawapigia wanne, kila mmoja anawapitia saba, na kabla ya isha anakurudishia majina ya waliojibu na wasiojibu. Mjumbe asome meseji ileile, asiieleze kwa maneno yake. Wala asimtume mtu mwengine, kwa sababu taarifa hubadilika kila inapopita mdomo mmoja zaidi. Wasiosoma watumie ujumbe wa sauti.

Mshika_Fedha_Chwaka
Hapo kwenye sauti sikubaliani nawe sana. Sauti ni nzuri kwa kueleza sababu, lakini saa na tarehe hupotea humo. Anayetaka kuihakikisha saa inabidi aisikilize yote upya. Ukiituma isizidi nusu dakika, na saa itaje mara mbili. Afadhali ubao kwenye banda la kuanikia, uandikwe kwa chaki na mtu mmoja tu.

Kuhusu kumrekebisha mtu: siku ileile, pembeni, mwani wenyewe ukiwa mbele yenu. Taja kilichopo, sababu, na kinachotakiwa: "Bi, huu wa chini umeshika mchanga. Mnunuzi akiuona atashusha bei ya gunia zima. Njoo tuupandishe chanjani" (kichanja cha kuanikia). Sababu usiiache. Kwa mfano, ukisema tu "msivune kabla ya wiki sita", mwenye shida ya fedha atavuna ya nne. Mwambie kuwa mwani usiokomaa una jeli kidogo, na jeli ndiyo anayoitafuta mnunuzi, hapo ana cha kupima. Kosa likiwa la wengi, liseme kikaoni bila majina. Picha ya mwani wa mtu usiitie kwenye kundi. Chanja ya kila mmoja inajulikana.

Katibu_Mwani (Micheweni)
Ahsanteni sana. Na bei ikishuka? Hapo ndipo maneno yanapozidi.

Mshika_Fedha_Chwaka
Ijulikane kabla ya mizani kufika, si baada yake. Siku utakayoambiwa bei, itume siku hiyohiyo kwa wajumbe wote wanne kwa pamoja: bei ya kilo, makato, na sababu aliyoitoa mnunuzi, hata kama wewe mwenyewe huiamini. Wakumbushe pia kwamba mwani mbichi wa kilo 8 hivi ukikauka hutoa kilo moja, kwani anayekumbuka uzito wa gunia alilolibeba kutoka majini huhisi kaibiwa. Siku ya kupima, uzito usomwe kwa sauti, mwenye mwani auone mwenyewe, uandikwe daftarini mbele yake.

Na ukiulizwa usilolijua, toa siku: "Nitawajibu Ijumaa baada ya alasiri." Ijumaa ikifika, sema, hata kama jibu ni kwamba mnunuzi bado hajapokea simu.